Buji Kumi na Mbili za Gari ya Donatien

Donatien wangu amewekwa nyuma ya magari yote, mbele ya baiskeli tu, na watu wa Kalehe wanakuja kuangalia.

Sasa nianze vizuri.

Kadutu, Bukavu, Jumanne tarehe 15 Julai 1958

Kwa Bwana Polycarpe,
Prezida wa Komite ya Baraka ya Magari, parokia yetu

Bwana Prezida,

Nakusalimia kwa heshima yote inayofaa kazi yako. Natumaini umeamuka muzima, wewe na mama watoto, na kwamba lile jino limeacha kukusumbua. Ninakuandikia kama Prezida, hapana kama mudogo wangu niliyemubeba mugongoni toka Walungu mpaka ku misioni siku alipougua surua. Kwa ule mudogo wangu nina maneno ingine, na hayo nitamuletea mwenyewe kwa mudomo.

Padri ametangaza kwamba mwaka huu, Jumapili ya Mutakatifu Kristofori, magari ya watu wetu yatabarikiwa hapa hapa Kadutu, hapana kule ville, mujini, nyuma ya magari ya Wazungu. Tulifurahi wote. Kisha Komite yako ikaketi, na mukaamua magari yapande mulima wa kanisa kwa mustari: yenye moteri kubwa mbele, yenye moteri ndogo nyuma. Ni hapo furaha yangu iliharibika, nami ninaleta malalamiko yangu moja moja, kwa namba, kama vile ulivyosomeshwa kupokea mambo.

Lalamiko la kwanza ni juu ya neno buji.

Jumapili ya kuandikisha magari, kisha misa, ulikuwa umekaa nyuma ya meza ya masomo, kalamu sikioni, na wenye magari wamesimama mbele yako. Donatien alikuwa amekwenda Luvungi kuleta mupunga, nikasimama kwa pahali pake. Uliniuliza, bila hata kuinua macho: "Buji ngapi?" Hukusema buji gani. Mimi ni mukristu, niko katika Lejio ya Maria, nimesimama mbele ya mulango wa kanisa, na gari ya mutoto wangu inaenda kupewa baraka. Mutu akiniuliza buji, ninawaza buji ya nta, ile nyeupe yenye utambi. Tena nilikuwa nimekwisha kuzinunua. Nikakujibu: kumi na mbili. Nilitaka kukueleza kwamba ni moja kwa kila Mutume, na kwamba ile ya Yuda nitaiwasha kwa jina la Matiya, lakini hukunipa nafasi. Ulifungua macho, ukamuita karani wako aje kuangalia, ukasema kwa sauti: "Kumi na mbili, dada? Gari hii itafika mbinguni mbele yetu." Ukaandika. Nami nikafikiri unasifu imani yangu.

Ningejua namna gani kwamba kuko buji zingine, nyeupe ku kichwa na chuma ku miguu, zinazokaa ndani ya moteri na kutoa cheche? Ningejua namna gani kwamba watu wa magari wanazihesabu kwanza, ili wajue moteri ni ya ukubwa gani: mbili ni moteri ndogo, ine ni ya katikati, sita ni kubwa kama ya kamio, ile lori ya bia ya bwana wa Georgette? Kama Komite ilitaka buji za chuma, ingesema buji za chuma. Sikudanganya mutu. Uliniomba buji, nikakupa buji, na ziko nyumbani ndani ya sanduku, unaweza kuja kuzihesabu.

Kwa neno lako mwenyewe, Donatien akawa wa kwanza. Nami nikafanya kile mama mwenye adabu anafanya: nilikaa kimya. Nilimwambia Agnès tu, kwa sababu ni jirani, na wale wanaochota maji ku robine, kwa sababu waliniuliza (si wote waliniuliza, lakini ilionekana kwa nyuso zao kwamba wanataka kuuliza), na wauza maharagwe wa Cimpunda. Na nikatuma neno ku Kalehe na mashua ya Ijumaa.

Kule Kalehe ndiko anakaa Papa Barthélemy, baba ya Apolline. Wewe ni mujomba wa Donatien, unajua mambo yote. Watoto wale wawili wamekwisha kupatana zamani, na mama ya Apolline ananiita mukwe hata mbele ya watu. Papa Barthélemy tu ndiye hasemi ndiyo wala hapana. Kila mara tukienda, anatupa ndizi tamu, anatuuliza habari ya barabara, anatusindikiza mpaka ku ziwa, na tunarudi bila jibu. Lakini neno langu lilipomufikia, akajibu na mashua ile ile: "Jumapili ya baraka nitakuja mwenyewe. Nikiona kijana amesimama pahali gani, nitajua nijibu namna gani."

Basi unaona, Bwana Prezida, mustari wako si mustari wa magari tu. Ni bibi harusi wa mutoto wangu umeshika mukononi pamoja na kalamu.

Lalamiko la pili ni juu ya Xavier, fundi mekanisie wa Komite.

Ni mutu mzuri, simusemi vibaya. Mama yake na mimi tulibatizwa siku moja. Lakini alikuja nyumbani kukagua, akafungua kapo, kile kifuniko cha moteri, akaangalia kushoto, akaangalia kuume, akainama chini kabisa kama mutu anayetafuta sindano, kisha akaniuliza kwa heshima: "Mama Donatien, mimi naona buji mbili. Ile kumi ingine iko wapi?" Nikamwambia angoje. Niliingia chumbani, nikamuletea zote kumi na mbili, zimefungwa ndani ya kitambaa cha Komunio ya kwanza ya Donatien. Bwana Prezida, mutu ule alikaa chini. Alikaa ku mavumbi, akashika gurudumu, akalia machozi ya kucheka. Alipopata pumzi akasema: "Mama, tukiweka hizi ndani ya moteri, gari itanuka Pasaka."

Kisha akanifundisha, na nilisikiliza, kwa sababu mimi sikatai masomo. Ni masomo yalinikataa mimi, kisha darasa la tatu. Alisema ukubwa wa moteri hauonekani kwa nje. Unahesabu buji, unapangusa mafuta, unasoma namba iliyochongwa ku chuma, na ukikosa namba unauliza mutu anayejua. Hapo unapata litre. Litre ni nafasi ya ndani, pale pistoni zinapanda na kushuka. Na moteri ya Donatien, akasema, haifiki hata nusu litre; ni kwa neno hilo mulimutoa mbele na kumuweka nyuma.

Nusu litre. Mimi ninajua litre. Ninanunua mawese kwa litre. Kwa hesabu hiyo, chupa ya bia anayokunywa bwana wa Georgette ni kubwa kuliko moteri ya mutoto wangu, na akikunywa mbili anaweza kufika Uvira bila gari.

Nilileta mètre yangu, ile ninashonea kanzu, nikapima moteri mimi mwenyewe, urefu na upana, mbele ya Xavier. Moteri ile inanijaa mikono miwili. Ni chuma tupu. Akanijibu: "Mama, hiyo ni nje. Sisi tunahesabu pahali pa wazi pa ndani." Nimewaza sana neno lile. Kama ukubwa wa kitu ni pahali pa wazi pa ndani yake, basi watu wa Komite wako na vichwa vikubwa kuliko wote wa Kadutu, na sitakataa kuona wamepangwa mbele.

Lalamiko la tatu ni fupi. Xavier aliniambia tena kwamba Wazungu wanahesabu nguvu ya moteri kwa farasi. Nikamuuliza farasi gani. Akasema hawako, ni farasi wa kuwaza. Bwana Prezida, sisi ni Bashi, watu wa ng'ombe. Papa Barthélemy ni Muhavu, na yeye pia anajua ng'ombe. Kwa nini mutoto wetu anapimwa kwa munyama ambaye hatujapata kumuona na macho, na ambaye, juu ya yote, hayuko? Naomba Komite ihesabu kwa ng'ombe. Na wawe wa Walungu, wenye pembe ndefu.

Lalamiko la ine ni juu ya Georgette. Ninaliruka kwa upendo wa kikristu. Nitalirudilia kama karatasi itabaki.

Lalamiko la tano, na hili naomba ulisome umesimama: hakuna mutu wa Komite aliyeuliza gari ya Donatien imefanya nini.

Gari ile imeleta mupunga wa Luvungi hapa sokoni musimu wote. Imepanda Ngomo, barabara ile ambayo ukiangalia chini unaanza kutubu. Ni gari ile ilipeleka Agnès kuzaa, na mutoto alizaliwa mulangoni mwa maternité, hapana njiani. Kamio ya buji sita ilikuwa wapi siku ile? Ilikuwa inateremusha bia. Ni gari ile ilileta benchi mupya za parokia, zile unakalia wewe Jumapili na kusinzia. Agnès, mbuzi wake, magunia ya mupunga, benchi za kanisa: nusu litre gani inabeba vitu hivi vyote? Ama litre ya Xavier imepunguka, ama mutoto wangu anajua kuongoza gari kuliko wote. Chagua wewe. Mimi napenda ya pili.

Na sauti yake. Donatien akitoka Cimpunda, mimi niko ku cherehani yangu huku, ninasikia, ninaweka maharagwe ku moto, na anapofika yameiva. Moteri ndogo inaweza kusikika mbali hivyo na muda murefu hivyo?

Lalamiko la sita ni juu ya sheria yenyewe.

Munasema moteri kubwa mbele, ndogo nyuma. Vizuri. Lakini sanamu ya Bikira Maria itatangulia, na inabebwa ku mabega ya wanaume. Moteri hakuna, buji ya chuma hakuna hata moja. Kwa sheria ya Komite, Mama wa Mungu angepaswa kufuata baiskeli. Padri wetu ana pikipiki, na Xavier ameniambia pikipiki ile ina buji moja. Moja, Bwana Prezida. Donatien ana mbili. Sasa Padri atabariki magari akiwa nyuma ya Donatien, huku akitupa maji ya baraka kwa migongo ya watu? Mutakatifu Kristofori mwenyewe alikuwa anavusha watu muto kwa miguu. Angekuja hapa na fimbo yake, Xavier angemufungua tumbo, akakosa buji, akamurudisha nyumbani.

Na sheria ikiisha kuingia haitatoka. Mwaka ujao tutapangwa ku Komunio kwa ukubwa wa midomo, na waimbaji watapimwa ku kilo, na hapo mimi sina wasiwasi, lakini nina huruma kwa wengine. Wewe mwenyewe, uliye Prezida, una baiskeli, na nusu yake ni ya shemeji. Huna buji ya chuma, na buji ya nta unaniomba mimi kila Krismasi. Kwa sheria yako, nani atakufuata?

Karatasi imebaki, nirudilie la ine.

Georgette alinikuta ku robine, ndoo yake imejaa na haondoki. Akaniambia mbele ya watu: "Mama Donatien, nasikia mutoto wako atakuwa nyuma yetu. Ni vizuri. Atakula mavumbi yetu yote, akirudi usimupikie." Wote wakacheka, hata Agnès, ambaye tulimupeleka kuzaa. Nikamujibu kwa upole kwamba mavumbi ya bwana wake tumeyazoea, anayatoa hata akitembea kwa miguu. Lakini nilipofika nyumbani, nilikaa ku kiti na ndoo yangu ilikuwa na maji nusu. Nilikuwa nimeyamwaga njiani bila kujua. Ni hilo tu, Bwana Prezida. Nyuma ya maneno yote haya, kuko mutu mumoja ambaye tangu mume wangu alipokufa amebeba nyumba hii mabegani kama gunia, na hajapata kuambiwa hata mara moja: simama mbele. Nilifikiri Jumapili ile ataambiwa.

Sasa maombi yangu. Umurudishe Donatien wa kwanza, kama kalamu yako ilivyosema mwanzo. Kama haiwezekani, magari yote yafungwe kapo, na Komite iandike "buji kumi na mbili" na isieleze. Kama hata hilo haliwezekani, geuza mustari, waangalie wote upande wa ziwa, na wa nyuma awe wa mbele. Hii ya mwisho haihitaji hata kuketi kikao, inahitaji tu watu wazunguke.

Ninamaliza hapa, kwa sababu taa ya cherehani inataka mafuta. Pokea, Bwana Prezida, heshima ya dada yako. Musalimie mama watoto, na watoto mumoja mumoja, na yule mudogo mwenye masikio yangu. Musalimie karani wako, na Xavier, umwambie nimemusamehe lakini kitambaa cha Komunio, kile alipangusia machozi akaenda nacho, akirudishe kimefuliwa. Salamu kwa Padri, bila kumusomea lalamiko la sita. Hata Georgette musalimie ukimuona, salamu ya kawaida, usiongeze.

Mimi, dada yako na mwenye kulalamika,
Euphrasie, Mama Donatien

P.S. Leo ni Alhamisi, na barua ilikuwa ingali juu ya sanduku kwa kukosa bahasha. Ni bahati. Usifanye kitu chochote katika yale niliyokuomba.

Papa Barthélemy alifika jana na mashua, mbele ya siku yake, amevaa koti ya misa. Hakutuma neno. Alisema alitaka kuona gari ingali haijapambwa. Nilitaka kumupa chakula kwanza, akasema hapana, tupande. Tulipanda wote, yeye mbele na Donatien, mimi nyuma na ndizi alizoleta, na Agnès na mutoto wake, kwa sababu gari ikitoka Agnès anapanda tu. Tulikwenda vizuri, nilikuwa ninasalimia watu. Kisha tukafika chini ya mulima wa kanisa, ule ule wa Jumapili.

Gari ikapanda kidogo. Ikapumua. Ikasimama. Ikaanza kurudi nyuma polepole, kama mutu aliyesahau kitu nyumbani. Donatien akakanyaga breki, mimi nikaruka chini na kuweka jiwe ku gurudumu, na nilifanya upesi, kwa sababu jiwe lile ninalijua, tunalitumia kila siku. Ndiyo, Polycarpe. Kila siku. Ngomo pia tunaipanda hivyo, Donatien ana vijana wa kusukuma wanaomungoja chini. Hilo sikuliandika huko juu kwa sababu hukuniuliza.

Nilikuwa ninaangalia chini kwa haya. Papa Barthélemy akatoka. Akazunguka gari, akaangalia mulima, akaniangalia mimi na mabega yangu kwa mulango wa nyuma. Akavua koti ya misa, akaikunja, akamupa Agnès. Akaweka mikono karibu na yangu. Akamwambia Donatien: "Washa, kijana." Tukasukuma. Walitoka watu kwa nyumba, Xavier alitoka chini ya gari ingine, hata bwana wa Georgette alikuwa anapita akaweka bega, na sitasahau. Tulifika juu wote na gari, na mavumbi mudomoni.

Papa Barthélemy alikaa ku ngazi za kanisa, akapangusa uso. Nikangoja. Akaanza kucheka, polepole, kisha kwa nguvu, mpaka akashika mbavu. Akasema: "Mama Donatien, nilikuwa ninaogopa kumupa mutoto wangu kijana mwenye gari. Kijana mwenye gari anapita watu, anawaacha njiani. Lakini gari hii haitaki moteri, inataka familia. Mimi nina vijana wenye mabega kule Kalehe, wanakaa bure. Chukueni Apolline, na hao muchukue pamoja naye."

Basi, mudogo wangu, muache Donatien nyuma kabisa. Komite ilikuwa na akili, nimekwisha kuwaambia ku robine. Kamio ya bwana wa Georgette itangulie, apewe hata buji zangu sita awashe kila upande, zile sita zingine ninaziweka kwa harusi. Lakini nyuma ya Donatien uache nafasi, kubwa, ya watu wa kusukuma: watu wa Kalehe upande wa kuume, sisi wa Kadutu upande wa kushoto. Wewe ni mujomba, pahali pako ni katikati. Viatu vya ngozi vibaki nyumbani, kalamu pia. Waambie wote, wenye gari na wasio na gari, waje chini ya mulima wa kanisa kisha misa ya kwanza, Jumapili tarehe 27 Julai.